Kulinganisha Misimamo ya Wagombea wa Kongresi: Mwongozo kwa Raia wa Marekani Wanaozungumza Kiswahili

Tarehe 3 Novemba 2026 wapigakura wa Marekani watachagua wajumbe wote 435 wa Baraza la Wawakilishi, ambao muhula wao ni wa miaka miwili tu, pamoja na takribani theluthi moja ya maseneta 100, ambao hukaa miaka sita. Miongoni mwa wapigakura hao wamo watu waliotoka Bukavu, Uvira, Kigoma, Mombasa na Bujumbura, wakala kiapo cha uraia, na sasa wanaishi Louisville, Columbus, Dallas, Des Moines au Lewiston. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yao. Shida watakayoikuta si uhaba wa maelezo. Shida ni kwamba kila mgombea hujieleza kwa mambo anayojua yatampa kura: mmoja atazungumzia bei ya vyakula mwezi mzima, mwingine usalama wa mpaka, na anayewasikiliza wote wawili kwa makini atabaki amesikia hotuba mbili zisizokutana popote. Kwa hiyo hatua zote zinazofuata zinasimama juu ya kanuni moja, kwamba swali la kulinganishia hutungwa na mpigakura mwenyewe kabla hajafungua tovuti ya mgombea yeyote.

Kabla ya yote ipo tahadhari ambayo haipaswi kurukwa. Uchaguzi wa Kongresi ni wa raia peke yao, na sheria ya mwaka 1996 inamfanya asiye raia anayepiga kura humo kuwa amevunja sheria ya shirikisho. Mwenye kadi ya kijani asijiandikishe hata kama karani wa leseni za udereva amemsogezea fomu kwa mazoea, kwa sababu kosa hilo linaweza kumnyima uraia baadaye au kumtoa nchini kabisa. Hata hivyo, mtu huyo anaweza kufanya kazi yote ya ulinganishaji, kuwasaidia jamaa zake walio raia, na kwenda kwenye mikutano ya hadhara kuuliza maswali, maana wilaya za uchaguzi hugawanywa kwa kuhesabu wakazi wote, na mjumbe anawawakilisha wote.

Hatua ya kwanza: Fahamu ni nani hasa watakuwa kwenye karatasi yako

Watu wengi huanza kwa kuandika namba ya posta kwenye tovuti ya Baraza la Wawakilishi, house.gov, wakapewa jina la mjumbe wao. Hilo ni jambo jema, lakini halitoshi kwa sababu mbili. Namba moja ya posta inaweza kugawanyika kati ya wilaya mbili za uchaguzi, na tovuti hiyo inakuonyesha mjumbe wa sasa, wala si lazima wilaya utakayopigia kura. Texas ilichora upya ramani yake ya wilaya mwaka 2025, nao wapigakura wa California waliidhinisha ramani mpya Novemba ya mwaka huohuo. Familia ambayo haijahama nyumba inaweza kujikuta imehamishwa wilaya. Chanzo cha kuaminiwa zaidi ni mfano wa karatasi ya kura unaotolewa na ofisi ya uchaguzi ya kaunti au ya jimbo. Tovuti ya VOTE411, inayoendeshwa na League of Women Voters, nayo huonyesha karatasi hiyo ukiandika anwani kamili.

Usisubiri Novemba. Katika wilaya nyingi chama kimoja kina wafuasi wengi kiasi kwamba mshindani halisi hupatikana kwenye uchaguzi wa mchujo, na asiyeshiriki mchujo anaachiwa kuidhinisha tu kilichoamuliwa na wengine. Kanuni za mchujo zinatofautiana kwa kila jimbo. Kentucky huruhusu wanachama walioandikishwa wa chama husika peke yao, na anayetaka kubadili chama lazima awe amefanya hivyo kufikia tarehe 31 Desemba ya mwaka uliotangulia. California huwaweka wagombea wa vyama vyote kwenye orodha moja na kupitisha wawili wa juu. Maine, ambako Wakongomani wengi wamefanya makazi, mpigakura huwapanga wagombea kwa nambari, wa kwanza, wa pili na kuendelea. Mwaka 2018 Jared Golden alitanguliwa na Bruce Poliquin katika hesabu ya kwanza ya wilaya ya pili, kisha akashinda baada ya kura za wagombea wadogo kugawanywa upya. Anayepiga kura Maine basi analazimika kujua pia ni nani angemweka wa pili, na jedwali la kulinganishia atakalolichora katika hatua ya tatu litahitaji safu nyingi zaidi.

Hatua ya pili: Tunga maswali membamba, na uyachuje kwa mamlaka ya Kongresi

Chagua mambo matatu au manne yanayoigusa nyumba yako. Zaidi ya hapo kazi itakushinda njiani. Kisha ligeuze kila jambo liwe swali linaloweza kujibiwa kwa ndiyo au hapana. “Ana msimamo gani kuhusu afya?” si swali la kulinganishia, kwa kuwa hakuna mgombea atakayesema anapinga afya. “Je, anaunga mkono sharti la kufanya kazi saa 80 kwa mwezi ili mtu mzima abaki kwenye Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo?” ni swali zuri, kwa sababu sharti hilo limo kwenye sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025, na kila mgombea ama analikubali, ama analikataa, ama anakwepa.

Baada ya kutunga, uliza kama jambo hilo liko mikononi mwa Kongresi. Kodi ya nyumba, mtaala wa shule ya mtoto wako na leseni ya udereva ni mambo ya mji, bodi ya shule au jimbo. Mgombea wa Kongresi anayeyafanya kuwa kiini cha kampeni anajaza nafasi. Mambo ya uhamiaji yanahitaji uangalifu zaidi kwa kuwa yamegawanyika. Idadi ya wakimbizi wanaoingia kila mwaka huwekwa na rais baada ya kushauriana na Kongresi, chini ya Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1980, na ndiyo maana kikomo kilishuka kutoka 125,000 katika mwaka wa fedha 2025 hadi 7,500 katika mwaka wa fedha 2026 bila Kongresi kupiga kura. Mgombea akiahidi kwamba akichaguliwa wakimbizi wataongezwa au watasitishwa, muulize angefanya hivyo kwa mswada gani. Bahati nasibu ya viza, kwa upande mwingine, iliundwa na sheria ya mwaka 1990 inayotenga hadi viza 55,000 kwa mwaka, na Kongresi ndiyo yenye uwezo wa kuifuta kabisa. Vivyo hivyo AGOA, sheria ya mwaka 2000 inayoruhusu bidhaa nyingi za Afrika kuingia Marekani bila ushuru, haiwezi kurefushwa pasipo kura za wabunge. Ukishafanya mchujo huu, swali la jumla kuhusu wahamiaji litakuwa limegawanyika kuwa maswali mawili au matatu yenye majibu.

Hatua ya tatu: Chora jedwali

Karatasi ya daftari inatosha. Maswali yaandikwe kwa kushuka, wagombea kwa kwenda kando, na katika kila kisanduku yawekwe mambo matatu: jibu, ushahidi, na tarehe ya ushahidi huo. Kisanduku ambacho hukupata jibu lake kiache kitupu. Usikijaze kwa kukisia kutokana na chama, kwa maana kisanduku kitupu nacho ni taarifa, na mgombea aliyeulizwa mara mbili akanyamaza ameonyesha jambo fulani kuhusu swali lenyewe.

Hatua ya nne: Soma rekodi ya aliyeko madarakani

Hapa ndipo penye kazi nyingi, na ndipo watu wengi wanapouziwa mbuzi kwenye gunia. Mjumbe au seneta anayetetea kiti chake ana rekodi ya kura inayoweza kusomwa na yeyote bure. Congress.gov ina maandishi ya kila mswada, muhtasari wake, majina ya waliouleta na waliouunga mkono kwa saini, na kila kura iliyopigwa kwa majina. Kura zenyewe huchapishwa pia na ofisi ya Karani wa Baraza na tovuti ya Seneti, na GovTrack huzipanga kwa jina la mbunge. Hakikisha unatazama Kongresi sahihi, kwa kuwa namba za miswada huanza upya kila baada ya miaka miwili. Mswada H.R. 1 wa Kongresi ya 119 ni ule mkubwa wa kodi na matumizi wa mwaka 2025, H.R. 1 wa Kongresi ya 117 ulihusu taratibu za uchaguzi. Mtu anayesema “alipinga H.R. 1” bila kutaja Kongresi hajasema kitu.

Chukua mfano unaozigusa familia zetu moja kwa moja, yaani kodi ya kutuma pesa nyumbani. Rasimu ya kwanza kamatini ilitaja asilimia 5. Toleo lililopita Baraza la Wawakilishi tarehe 22 Mei 2025, kwa kura 215 dhidi ya 214, lilikuwa na asilimia 3.5 na liliwalenga wasio raia. Toleo la Seneti, lililopita tarehe 1 Julai kwa kura 51 dhidi ya 50 baada ya Makamu wa Rais Vance kuvunja sare, lilishusha kiwango hadi asilimia 1, likakifanya kimhusu kila mtumaji, raia na asiye raia, lakini kwa fedha taslimu, hati za malipo (money order) na hundi za kibenki tu. Anayetuma kutoka akaunti ya benki au kwa kadi iliyotolewa Marekani hakatwi. Baraza lililikubali toleo hilo tarehe 3 Julai kwa 218 dhidi ya 214, na makato yalianza Januari 2026. Sasa mpinzani akitangaza kwamba mbunge fulani alipiga kura ya kuwatoza kodi wanaotuma pesa Kinshasa, anasema kweli, ila ni kweli isiyotosha. Je, anazungumzia kura ya Mei au ya Julai? Na katika mswada huohuo mlikuwamo viwango vya kodi ya mapato, Medicaid, fedha za mpakani, na kifungu kilichowaondoa wakimbizi wasio na kadi ya kijani kwenye msaada wa chakula. Aliyepiga ndiyo huenda alitaka moja kati ya hayo na kuyavumilia mengine, na aliyepiga hapana vilevile. Kura juu ya mswada mkubwa namna hii inakuambia mbunge alikubali kifurushi kizima. Ukitaka kujua alivyokiona kifungu kimoja, tafuta marekebisho yaliyopigiwa kura peke yake, tamko la maandishi alilotoa wiki hiyo, au mswada mdogo alioutia saini.

Ugumu huu si wa leo. Mwaka 2004 John Kerry, aliyekuwa akigombea urais, alisema kuwa alizipigia kura ya ndiyo dola bilioni 87 za Iraq na Afghanistan kabla ya kuzipigia kura ya hapana, na kampeni ya George W. Bush ikaigeuza kauli hiyo kuwa tangazo. Maneno yalimharibia, lakini yalikuwa na maana: aliunga mkono toleo lililogharimiwa kwa kupunguza nafuu za kodi za matajiri, toleo hilo likashindwa, naye akalipinga lililobaki. Mpigakura anaweza kumlaumu Kerry kwa uamuzi huo au kuukubali, mradi ajue kwamba palikuwa na matoleo mawili.

Zipo kura nyingine zinazopotosha zikisomwa haraka. Katika Seneti kura ya kufunga mjadala huhitaji 60, na mara nyingi mswada hufia hapo pasipo kupigiwa kura wenyewe. Kwa wengi hiyo ndiyo kura halisi. Kiongozi wa walio wengi hubadilisha wakati mwingine kura yake kuwa hapana dakika ya mwisho ili kanuni zimruhusu kuurudisha mswada baadaye, kwa hiyo “hapana” yake si upinzani. Katika Baraza miswada isiyo na ubishi hupitishwa kwa utaratibu wa haraka unaotaka theluthi mbili, na mbunge anaweza kupata rekodi ndefu ya kushirikiana na chama cha pili kwa kuzipigia ndiyo miswada ya kuzipa majina ofisi za posta. “Nipo” maana yake alihudhuria akakataa kuchagua upande. Kutokupiga kura kabisa ni jambo jingine, na huenda alikuwa mgonjwa.

Kuhusu saini za kuunga mkono miswada, zipe uzito wa wastani. Kila Kongresi huletewa maelfu ya miswada na ni sehemu ndogo sana inayokuwa sheria, hivyo kutia saini hakumgharimu mbunge mengi. Saini inayogharimu ni ile iliyotiwa kinyume na viongozi wa chama chake.

Hatua ya tano: Mtafute mgombea asiye na rekodi Washington

Mgombea mpya ana faida ya kutokuwa na kura za kulaumiwa, na mpigakura asimwachie faida hiyo bure. Kama aliwahi kuwa mbunge wa jimbo, rekodi yake ipo kwenye tovuti ya bunge la jimbo hilo. Kama alikuwa meya au diwani, kumbukumbu za vikao na bajeti alizopitisha zipo. Asiye na cheo chochote cha nyuma tafuta majibu yake kwenye hojaji: Ballotpedia na Vote Smart huwatumia wagombea maswali, VOTE411 huweka majibu yao kando kwa kando, na magazeti ya miji hufanya hivyo wiki za mwisho. Ahadi zilizotiwa saini ni ushahidi mzito kuliko hotuba. Mfano ni ahadi ya kutopandisha kodi ambayo Americans for Tax Reform imekuwa ikiwapa wagombea tangu mwaka 1986; aliyeitia saini amejifunga mbele ya watu watakaomkumbusha, na asiyeitia kwa kawaida atakuwa na sababu anayoweza kuieleza.

Unaposoma ukurasa wa sera kwenye tovuti ya kampeni, tazama vitenzi. “Nitapigania”, “naamini katika” na “tunahitaji mageuzi ya” havimfungi mtu. “Nitapiga kura ya kufuta”, “nitaunga mkono mswada namba fulani” vinamfunga. Pale ambapo kurasa hazisemi kitu, iandikie kampeni barua pepe fupi yenye swali moja tu, useme unaishi wilaya hiyo, na uombe jibu la ndiyo au hapana pamoja na sababu. Barua yenye maswali manane hujibiwa kwa kijitabu cha kampeni. Kwenye mdahalo au mkutano wa hadhara fanya vivyo hivyo, na kama Kiingereza kinakupa wasiwasi liandike swali na ulisome. Hakuna anayelazimishwa kuuliza kwa kichwa.

Hatua ya sita: Pima alama za makundi, matangazo na fedha

Makundi mengi huwapa wabunge alama: League of Conservation Voters kwa mazingira, NumbersUSA kwa kupunguza uhamiaji, AFL-CIO kwa wafanyakazi, Chama cha Wafanyabiashara kwa biashara. Alama hizi ni muhimu kwa sharti kwamba ujue kundi linataka nini na lilichagua kura zipi. Alama sitini kutoka kundi moja haiwezi kulinganishwa na sitini kutoka kundi jingine. Mimi huzitumia kama faharasa: naangalia orodha ya kura walizozichagua, kisha naenda kuzisoma mwenyewe.

Matangazo ya redio na televisheni ya mgombea lazima yawe na sauti yake akisema ameyaidhinisha, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2002. Tangazo lisilo na sauti hiyo limelipiwa na kundi la nje, na mgombea hawezi kuulizwa ahadi zilizomo humo. Sharti hilo la sauti ni la redio na televisheni, hivyo video fupi zinazozunguka kwenye makundi ya WhatsApp, zikiwa na tafsiri ya Kiswahili isiyo na jina la mtafsiri, usiziingize kwenye jedwali mpaka upate hotuba nzima. C-SPAN ina hifadhi kubwa ya midahalo na hotuba za bungeni.

Fedha hazionyeshi msimamo peke yake. Tovuti ya Tume ya Shirikisho ya Uchaguzi, fec.gov, hutaja majina ya waliochangia zaidi ya dola 200, na kikomo cha mtu mmoja kwa mgombea katika mzunguko wa 2025 na 2026 ni dola 3,500 kwa kila uchaguzi. Makundi ya nje yanayojitegemea hayana kikomo tangu maamuzi ya mahakama ya mwaka 2010. Nenda huko ukiwa na kisanduku kitupu mkononi: mgombea asiyejibu swali la bei za dawa, huku wachangiaji wake wakubwa wakitoka kwenye kampuni za dawa, amekupa sababu ya kumwandikia tena.

Hatua ya saba: Futa mistari, kisha amua uzito

Ukimaliza, utakuta maswali ambayo wagombea wote wameyajibu sawasawa. Yafute, hata kama ndiyo uliyoyapenda zaidi, kwa sababu hayawezi kukusaidia kuchagua kati yao. Yaliyobaki yape uzito kwa kujiuliza ni lipi linaweza kweli kufika kwenye kura katika miaka miwili ijayo.

Ongeza pia swali moja ambalo wagombea hawapendi kuulizwa: utamchagua nani kuwa Spika? Kura ya kwanza ya mjumbe mpya ni hiyo, nayo ndiyo huamua ni miswada ipi italetwa mbele ya Baraza na nani ataongoza kamati. Januari 2023 Kevin McCarthy alihitaji duru 15 kuupata uspika, na wabunge wachache wa chama chake walitumia duru hizo kumshurutisha akubali masharti. Mgombea anayejitangaza kuwa huru na chama chake, kisha anasema atampa Spika wa chama hicho kura bila sharti, amekuambia kiasi cha uhuru huo. Kwa sababu hiyo kulinganisha watu wawili bila kutaja vyama vyao ni kujidanganya, ingawa kulinganisha vyama peke yake kunakuficha mtu unayempeleka.

Hatua ya nane: Nenda na karatasi yako

Majimbo mengi huruhusu mpigakura kuingia na maandishi yake. Kuhusu simu, kanuni zinatofautiana, kwa hiyo nakili matokeo ya jedwali kwenye karatasi. Sheria ya shirikisho haiyalazimishi majimbo kuchapisha karatasi za kura kwa Kiswahili. Lakini kifungu cha 208 cha Sheria ya Haki za Kupiga Kura, kilichoongezwa mwaka 1982, kinampa asiyeweza kusoma au kuandika, pamoja na asiyeona au mwenye ulemavu, haki ya kusaidiwa na mtu anayemtaka, mradi si mwajiri wake, wakala wa mwajiri, wala kiongozi au wakala wa chama chake cha wafanyakazi. Mama anayesoma Kiswahili tu, asiyeweza kusoma karatasi ya Kiingereza, anaweza kuingia na binti yake. Msaidizi huyo aonyeshwe jedwali mapema, walau usiku wa kuamkia kura, ili ajue majina ya kutafuta kwenye karatasi ambayo huenda ikawa na nafasi nyingine nyingi, kuanzia seneta hadi wajumbe wa bodi ya shule.